Somo: Tule wapi Malindi tukiwa na watoto? (Someni lote kabla ya kuuliza)

Kila likizo ya shule ikikaribia swali ni lile lile: "Tunakuja Malindi na watoto, tule wapi?" Nimelijibu vipande vipande hadi nimechoka. Leo naliandika zima, na atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa.

Jibu langu si jina la hoteli. Familia nyingi hula vibaya hapa kwa sababu zimefika hoteli nzuri saa mbaya. Watoto wamechomwa na jua, biriani imekwisha, na samaki ndiyo kwanza anaparwa magamba. Tupange siku kwanza, hoteli ifuate.

Hatua ya 1. Andika siku gani mnakwenda wapi: hifadhi ya bahari, magofu ya Gede, hori la Mida, korongo la Marafa. Siku moja, mahali pamoja pakubwa.

Hatua ya 2. Jua maji yanapwa saa ngapi.
Hapa ndipo wengi huharibu, kwa hivyo someni polepole. Mashua zenye kioo chini za Hifadhi ya Bahari ya Malindi, ile iliyotengwa tangu 1968 upande wa Casuarina, hufaa maji yakiwa yamepwa. Wakati huo matumbawe yako karibu na kioo na mawimbi yamepungua juu ya mwamba. Maji hupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa wastani wa dakika 50. Mwenye kalenda ya Kiislamu ukutani ana hesabu tayari: mwezi mosi na mwezi 15 (yaani siku ya kwanza na ya 15 ya mwezi wa Kiislamu, si Januari), wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, kupwa kwa mchana huangukia kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Mnapanda mashua saa tatu, mnarudi kabla ya adhuhuri, mnakula mapema na mambo ni shwari. Lakini mkija mwezi 4 au mwezi 19, kupwa kumesogea hadi saa saba hivi. Mtashuka mashuani saa nane na nusu, na ukiongeza kuoga na kutafuta tuktuk, ni saa tisa. Saa hiyo wapishi wengi wa mjini wanasugua masufuria.

Kwa hivyo:
– Usiiahidi hoteli saa ya kufika kabla nahodha hajakutajia saa ya kutoka baharini. Saa ya kuondoka pekee haitoshi, muulize na ya kurudi.
– Kupwa kukiwa mchana, kuleni vizuri saa nne asubuhi na muweke mlo mkubwa saa kumi. Msijaribu kuubana katikati.
– Siku za maji mafu, karibu na mwezi 8 na mwezi 22, kupwa kwa mchana huja jioni na maji hayashuki sana. Siku hizo nendeni Gede, bahari isubiri.
– Mtoto asipande mashua na tumbo limejaa mahamri na mbaazi za nazi. Ale saa moja na nusu kabla ya kupanda, kitu chepesi kama ndizi au mkate mkavu. Msimu wa kusi, upepo wa kusini, hasa Mei hadi Agosti, bahari huchafuka na kanuni hii haina msamaha.

Kiingilio cha hifadhi hulipwa kwa eCitizen. Lipeni usiku wa kuamkia siku hiyo. Mtandao ukigoma mkiwa langoni, muda unaopotea ni ule wa chakula.

Hatua ya 3. Chagua hoteli kwa kuangalia mnatokea wapi.
Mkitoka hifadhi ya bahari, kuleni upande huo huo au mjini, mradi isizidi dakika kumi za tuktuk. Mtoto mwenye njaa na chumvi mwilini hana subira ya kuzungushwa.

Gede, kama kilomita 15 kutoka Malindi, msile ndani ya magofu. Kuna kima waliozoea watu, na hunyakua ndizi mkononi mwa mtoto. Malizeni ziara, kisha tokeni hadi sokoni barabarani mpate wali, chapati na maharagwe yaliyokwisha kuiva. Si chakula cha kupigia picha, lakini kipo tayari, ni cha moto, na watoto hukila.

Mida nendeni alasiri. Pale Dabaso kuna mkahawa wa kaa juu ya nguzo katikati ya mikoko, unaoendeshwa na kikundi cha wenyeji, na sambusa zao za kaa ndizo zinazowafaa watoto. Agizeni kwanza, kisha ndiyo mtembee kwenye daraja la mbao. Watoto wadogo washikwe mkono.

Marafa ni zaidi ya kilomita 30, na uzuri wake ni jua likitua. Hiyo ina maana mtarudi Malindi usiku. Kuleni mlo mkubwa saa nane mchana kabla ya kuondoka, mbebe maji yasiyopungua lita moja na nusu kwa kila mtu mzima, na chakula cha usiku mkiagize kabla hamjatoka mjini.

Hatua ya 4. Piga simu. Samaki wa kilo moja hutaka dakika 25 hadi 30 juu ya makaa, na kabla ya hapo kuna kumparua, kumtia viungo na kuwasha mkaa. Hiyo ni saa nzima. Nahodha akigeuza mashua kurudi, ndipo unapiga kusema "wekeni samaki".

Hatua ya 5. Samaki wa kupimwa. Ukiambiwa bei ni ya kilo, uliza mambo matatu kabla hajaingia jikoni: kilo inapimwa kabla au baada ya kutolewa matumbo, wali na kachumbari zimo au hulipiwa mbali, na kodi imeshaingizwa au itaongezwa kwenye bili. Simama mizani ikisomwa. Samaki mzima wa kilo moja, ukitoa kichwa, matumbo na mifupa, hubaki na nyama karibu nusu, kwa hivyo huwatosha watu wazima wawili na wali. Kaa hubaki na nyama kama robo tu. Familia ya watu sita inayoagiza kaa mmoja wa kilo italala njaa.

Hatua ya 6. Maji ya chupa iliyofungwa. Barafu ya kunywewa iwe ya kiwandani, ile ya vipande vyenye tundu. Iliyopasuliwa kutoka kwenye bonge ni ya kuhifadhia samaki.

Hatua ya 7. Pilipili isemwe wakati wa kuagiza. Mchuzi ukishakolea, kuuongeza nazi hakuitoi.

Hatua ya 8. Ijumaa. Mji wa kale hufunga kwa Swala. Kuleni kabla ya saa sita au baada ya saa nane, na anayetaka biriani aiwekeshe asubuhi.

Maswali yaje hapa chini.

Baba_Kayla: Somo refu sana mkuu. Nipe hoteli moja tu nzuri na bei nafuu, tuko watu 5.

Jibu: Hujasema mnakuja lini, mtakuwa upande gani, wala watoto wana miaka mingapi. Hoteli hubadilika mpishi akihama. Hatua ya 3, ndugu yangu.

Mama Pacha, Thika: Asante kwa somo. Pacha wangu wana miaka mitatu na hawawezi kukaa mezani saa nzima wakisubiri samaki. Nifanye nini?

Jibu: Swali zuri, Mama Pacha. Tenganisha mlo wa watoto na wa wakubwa. Siku hiyo usiwaagizie samaki wa makaa, waagizie kilichokwisha kuiva: wali wa nazi na mchuzi mwepesi, au chapati na maharagwe. Kati ya saa sita na saa nane mchana sufuria ziko jikoni na sahani hufika haraka. Jioni baada ya Magharibi, viazi karai na mishkaki ya barabarani havisubiriwi, vinatoka mbele ya macho yako. Kaa karibu na karai ule kinachotoka kwenye mafuta sasa hivi, usile kilichopoa sinia. Ukwaju wao mara nyingi una pilipili, uonje wewe kwanza.

Otieno_K: Mbona Malindi pizza kila kona? Na je, inafaa kwa watoto au ni ya watalii tu?

Jibu: Waitaliano walianza kujaa huku tangu miaka ya 1960, walipojenga kituo chao cha anga cha San Marco, Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Jukwaa la baharini lilirusha setilaiti yake ya kwanza mwaka 1967. Ndiyo maana unakuta watu hapa wanaozungumza Kiitaliano sawasawa na wapishi wanaojua unga. Kwa watoto inafaa sana, kwa sababu tanuri la kuni likishapata moto, pizza huiva kwa dakika chache. Uliza tu tanuri linawashwa saa ngapi. Nyingi huwashwa jioni, na nyingine hufunga jiko baada ya chakula cha mchana hadi saa moja usiku.

Njeri_safari: Tunakuja tarehe 12, mashua twende saa ngapi?

Jibu: Tarehe 12 ya mwezi gani? Hatua ya 2.

Njeri_safari: Ya Agosti. Usikasirike, nimeuliza tu.

Jibu: Sijakasirika, dada. Tazama tarehe hiyo kwenye kalenda ya Kiislamu, uhesabu kutoka mwezi mosi au mwezi 15 kwa dakika 50 kila siku, kisha umwulize nahodha athibitishe. Na kwa kuwa ni Agosti, soma tena mstari wa kusi.

Hamisi wa Kilifi: Shekhe, umesahau jambo. Jodari aliyelala bila barafu huwafanya watu wawashwe mwili mzima. Wengi hudhani ni mzio.

Jibu: Ahsante sana, Hamisi, hili lilipaswa kuwa hatua kamili. Jodari, nguru na vibua wakikaa juani hujijengea histamini, na moto wa jikoni hauiondoi. Dalili huja haraka, ndani ya dakika chache hadi saa moja au mbili: ulimi kuchoma kama umelamba pilipili, uso kuwa mwekundu, kuwashwa, kichwa kuuma. Mtoto akisema samaki "anachoma" ilhali hakuna pilipili, acheni sahani nzima. Akipumua kwa shida, ni hospitali moja kwa moja. Kagua kabla ya kuagiza: jicho liwe angavu na limejaa, matamvua mekundu, nyama ikibonyezwa irudi, na barafu uione kwa macho yako. Usipoiona, agiza changu au tafi, au ule kuku.

Wanjala_B: Naweza kubeba chakula changu kwenye mashua?

Jibu: Unaweza, muulize nahodha kwanza. Usibebe plastiki ya kutumia mara moja, maana tangu Juni 2020 imepigwa marufuku katika hifadhi za taifa, chupa za maji zikiwemo. Weka maji kwenye chupa ya kujaza tena, na chakula kwenye kopo lenye kifuniko. Matunda yaliyomenywa, viazi vitamu vya kuchemsha na mkate ndivyo vinavyostahimili joto. Mayonezi, maziwa na nyama ya jana viacheni nyumbani. Tena msiwatupie samaki mkate. Wanazoea kusubiri mashua badala ya kula mwani wa kwenye matumbawe.

Salma_M: Mwanangu ana mzio wa kamba. Kusema "bila kamba" kunatosha?

Jibu: Hakutoshi, dada Salma. Hatari iko kwenye mafuta. Kamba, samaki, bajia na chipsi mara nyingi hukaangwa karai moja. Uliza hivi: "Haya mafuta yamekaanga kamba leo?" Mhudumu akisita, chukua hilo kuwa ni ndiyo. Mwagizie cha kuchemsha au cha sufuria yake peke yake: wali, kuku wa mchuzi, mchicha. Makaa nayo yana wavu mmoja, waombe wausugue au wamfungie chake ndani ya jani la mgomba. Dawa yake iwe mfukoni mwako, isibaki mnakolala.

Kip_Eldoret: Tutakuwa huko Ramadhani. Tutakufa njaa mchana?

Jibu: Hapana. Malindi ina watu wa kila dini na hoteli za ufukweni hupika kama kawaida. Mji wa kale ndio hufunga mchana, kwa hivyo wape watoto chakula ndani, si wakitembea barabarani. Faida yenu ni jioni, kabla tu ya futari: kaimati, vibibi, vitumbua, katlesi na mkate wa sinia vyote nje kwa wakati mmoja. Fikeni saa kumi na moja. Magharibi ikiadhiniwa wauzaji nao wanafuturu.

Mama Pacha, Thika: Na mtoto akiharisha tukiwa huko?

Jibu: Pakiti za chumvi za kurudisha maji ziko duka lolote la dawa, njooni nazo kabisa. Zikikosekana, chukua lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Mpe kidogo kidogo baada ya kila choo. Kukiwa na damu, homa kali au akilegea, usingoje asubuhi.

Hamisi wa Kilifi: Waambie na za kurudi nazo nyumbani.

Jibu: Halua na kashata hustahimili basi hadi Nairobi. Mabuyu pia, ila rangi yake haitoki kwenye kiti cha gari, yafungeni. Achari ya embe ifungwe mara mbili na isimamishwe wima. Sambusa za kaa msizibebe.