Kufunga kompyuta kwenye lethi ya zamani: anza na chuma

Lethi ni mashine inayozungusha kipande cha chuma huku kisu kikikichonga; hapa tunataka kompyuta ndiyo isogeze kisu. Kabla hujanunua waya hata mmoja, pima chuma cha mashine yenyewe. Bana geji ya saa (kipimo chenye mshale kinachoonyesha msogeo mdogo) kwenye kitanda cha lethi, gusisha ncha yake kwenye kishikio cha kisu, kisha zungusha mbele na nyuma gurudumu la parafujo inayosogeza kisu. Pale gurudumu linapozunguka na kisu kimetulia, huo ndio mchezo wa parafujo, yaani ulegevu wake. LinuxCNC, programu huria ninayoitumia, hufidia mchezo mdogo. Parafujo iliyolika ing'oe, weka ya gololi (yenye vigololi ndani ya nati yake), hasa mhimili wa X, unaosogeza kisu kuelekea katikati ya kipande au mbali nayo: kosa la milimita 0.05 huko hutoka 0.1 kwenye kipenyo.

Mota na draiva (vifaa vinavyozipa mota umeme) zinapatikana, sikai hapo. Kazi iko kwenye enkoda, kihisi kinachoiambia kompyuta jinsi spindeli, ekseli inayozungusha kipande, inavyozunguka. Ifunge izunguke sawasawa na spindeli, kwa mkanda wa meno, kamwe si ule laini unaoteleza. Chagua yenye waya wa Z, unaotoa ishara moja kila mzunguko. Ishara hiyo ikikosekana, G76, amri ya kukata nyuzi za bolti, haina pa kuanzia.

Kitufe chekundu cha dharura kikate umeme wa mota moja kwa moja. Programu ikiganda, mkono wako bado uko karibu na chaki, kibanio kinachozunguka na kipande.