Mbu wa kwenye nyayo za ng'ombe

Nina ng'ombe watatu wa maziwa na majaruba mawili ya mpunga hapa Mabogini, chini ya mji wa Moshi. Nakamua saa kumi na mbili na nusu jioni, na hapo ndipo mbu wanaponimaliza miguu. Chandarua kiko kitandani, mimi niko bandani. Mbu wetu wa malaria huku, Anopheles arabiensis, halazimiki kuingia ndani. Anang'ata nje, na damu ya ng'ombe au ya mama anayemkamua, kwake zote chakula.

Ukimfukuza akishaota mabawa utachoka bure. Mfuate majini. Tumezoea kuulaumu mpunga, lakini kwangu alikuwa anazaliwa hatua tano tu kutoka mlangoni, pembeni ya birika la kunyweshea. Bomba lilikuwa linavuja, ng'ombe wanakanyaga tope, na kila ukwato unaacha kikombe cha maji kinachopigwa na jua, wala hakuna samaki wa kumsumbua mbu.

Chukua bakuli jeupe la plastiki. Angalia kivuli chako kisiangukie maji, maana viluwiluwi, yaani watoto wa mbu, vikikishtukia vinazama, nawe utaondoka ukisema pako salama. Chota taratibu, subiri kidogo. Kinachoning'inia kichwa chini ni cha kuleksi, mbu wa aina nyingine. Kinacholala juu ya maji kama kijiti, huyo ndiye wa malaria.

Anza na kufukia kabla hujatoa hela ya dawa. Bomba nilifunga kwa mpira wa baiskeli, nikamwaga kokoto kuzunguka birika mpaka kwato zisizame tena. Kazi ya asubuhi moja, mgongo uliuma siku mbili.

Pasipofukika ndipo unanyunyiza dawa ya kibaiolojia. Ni bakteria, wataalamu humwita Bti, na hapa nchini kuna kiwanda Kibaha kinachotengeneza dawa za namna hiyo. Kiluwiluwi akimla, sumu inamharibu utumbo anakufa. Ng'ombe, kuku na samaki hawana shida naye. Pima kama kibandiko kinavyosema, usikadirie kwa kifuniko cha soda kama nilivyofanya mimi.

Mara ya kwanza nilinyunyiza jioni, kesho yake na keshokutwa nikakuta bado wanachezacheza. Nikabeba bakuli langu mpaka dukani, nimefura. Bwana mifugo alikuwepo, akachungulia, akacheka. "Mama, hawa wameshapinda kama alama ya koma. Hatua hii hawali kitu. Sumu itawaingia wapi?" Nilikuwa nimechelewa, basi. Kwa joto la huku, yai linaweza kuwa mbu kwa siku saba hadi kumi, kwa hiyo nyunyiza wakiwa wadogo na urudie kila wiki. Mvua kubwa ikipita, angalia upya, vikombe vipya vitakuwa vimejaa.

Dawa usiimwage kwenye shimo la samadi. Maji machafu yale yanaidhoofisha, na wengi humo ni kuleksi, si huyu tunayemsaka.

Kwenye tangi la maji lililo wazi weka perege. Wanakula viluwiluwi, na siku moja utawala wao. Majaruba yanafaa kukaushwa siku chache kisha kujazwa tena, ila hilo haliendi bila kupatana na wenzako wa mfereji mmoja. Ukikausha peke yako, maji ya jirani yanakurudia usiku.

Haya hayaondoi chandarua, na mtoto akichemka mwili mpeleke akapimwe.

Mimi siku yangu ni Jumapili nikitoka kanisani. Nabadilisha viatu, nashika bakuli, nazunguka birika, tangi, kisha ukingo wa mfereji. Jumapili iliyopita birika lilikuwa safi. Vijiti vitatu nilivikuta upande wa pili wa uzio, kwenye tope la ng'ombe wa jirani, nikapiga hodi na bakuli langu mkononi.