Ukitaka Benzi Kuukuu Tanga, Lala Chini Kwanza

Mimi ni mpambaji wa maharusi, Ngamiani. Nina Benzi E240 ya mwaka 1999, ile bodi ya macho manne wanayoiita W210, ya kuwapelekea maharusi ukumbini. Hii ni ya pili. Ya kwanza iliniumbua.

Ilikuwa Jumamosi, saa kumi jioni, tunaelekea Raskazone, kule ufukweni. Ghafla kitu kikalia "kah!" mbele kushoto, gari likapiga goti kama ngamia. Tairi likabanwa na madigadi, halizunguki. Bibi harusi na shela lake nikampakia kwenye bajaji, mashoga wakapiga vigelegele utadhani ndivyo tulivyopanga. Fundi alipokuja akalala chini na tochi, akaniita: "Bi mkubwa, inama uone." Kile kikombe cha bati kinachoishika springi kwa juu, kilichochomelewa kwenye bodi, kilikuwa kimeoza, springi imeng'oka nacho.

Baadaye nikajua kuwa huo ni ugonjwa maarufu wa W210. Zilianza kutengenezwa 1995, na kwa kushika kutu zimewashinda dada zao waliozitangulia. Kama gari limetoka Uingereza, huko barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi ili barafu iyeyuke. Limekula chumvi ya huko, sasa linakuja kula ya bahari yetu.

Kwa hiyo ukienda kuangalia gari, dalali akikimbilia kukuwashia injini, mwache aiwashe, wewe tandika boksi ulale. Kata usukani hadi mwisho, mulika nyuma ya tairi la mbele, tafuta hicho kikombe. Mafundi wengi hukipaka lami nyeusi kikaonekana kipya. Gonga kwa mpini wa bisibisi: bati zima hulia, lililooza hutoa sauti ya mkate mkavu. Fanya pande zote mbili. Kisha angalia sehemu za kuwekea jeki na kingo za chini za milango. Mimi huenda na sumaku niliyoing'oa kwenye mlango wa kabati langu. Naifunga kwenye kitambaa nisikwaruze rangi, naipitisha kwenye bodi. Isiposhika, hapo kuna pati, ule udongo wa kuzibia mashimo ya bodi, chini ya rangi. Dalali mmoja aliniuliza, "Mama, unaliagua?" Nikamwambia ndiyo.

Injini haikunipa tabu, ila imenisaidia kuwajua mafundi. E240 hii ni V6, na kila silinda ina plagi mbili. Fundi akikuandikia plagi sita, mshukuru uondoke, maana zinatakiwa kumi na mbili. Oili inakula kama lita nane, kwa hiyo anayekuambia "nunua galoni ya lita nne inatosha" naye hajui. Nunua oili ambayo kopo lake limeandikwa kibali cha Mercedes 229.3 au 229.5.

Gia boksi ina ujanja wake. Chungulia soketi ya nyaya iliyochomekwa ubavuni mwake. Ikivuja, oili haidondoki tu, hupanda ndani ya nyaya taratibu hadi kwenye kompyuta ya gia. Vimpira vya soketi ni bei ndogo, kompyuta utauza mkufu. Ukiambiwa oili ya gia boksi haimwagwi maisha, usisikie. Mimi namwaga kila kilomita 60,000.

Habari ya kuagiza mwenyewe nje, piga hesabu kwanza kwenye kikokotoo cha TRA, mamlaka ya mapato, mtandaoni. Gari la umri huu lina ushuru wa uchakavu juu ya kodi nyingine, na VAT ya asilimia 18 iko palepale. Mimi nilinunua lililokwishasajiliwa hapa nchini, kwa milioni 8, na nyingine mbili nikaziweka pembeni kabla sijapewa funguo. Hizo mbili hazikumaliza miezi mitatu. Hakikisha jina kwenye kadi ni la anayekuuzia.

Kulitunza hapa pwani ni maji baridi mengi. Kila nikirudi Raskazone, kesho yake asubuhi naoshesha uvunguni na ndani ya madigadi kwa maji ya bomba, siyo ya kisima chenye chumvi. Chini ya kila mlango kuna vitundu vya kutolea maji, huziba kwa vumbi. Mimi nazibua kwa kijiti cha mshikaki, na mara ya kwanza maji yalitoka kama nusu kikombe, mekundu kama chai ya rangi. Ile tabia ya kupuliza oili chafu uvungu mzima siipendi, inalainisha bushi, vile vimpira vya miguu ya gari, hadi zinavimba. Pakeni dawa ya kutu ya nta, kwenye bati tu. Na rejeta msiijaze maji matupu, wekeni kuleti ya kweli, ile dawa ya kupoza injini.

Spea naagiza Dar kwa namba ya chasisi, ile inayoanza WDB210. Naituma nzima, tarakimu na herufi zote 17, pamoja na picha ya kifaa kibovu kikiwa kimeshikwa mkononi. Nilipokuwa natuma "ya E240" tu, nililetewa shokapu za C-Class, Benzi ya aina nyingine, mara mbili, na nauli ya basi ya kuzirudisha nililipa mimi.