Ukurasa wa magofu ya Kaole kwenye albamu ya kubandika

Mpwa wangu alirudi kutoka Bagamoyo simu imejaa picha za Kaole, akataka zote ziingie ukurasa mmoja. Haziingii. Utaratibu niliompa ni huu.

1. Chagua kitu kimoja. Kaole ina magofu ya misikiti miwili, mmoja wa karne ya 13, na makaburi kadhaa. Ukitaka kuonyesha vyote, hakuna kitakachoonekana. Mimi ningechukua kaburi lenye nguzo. Picha ya kwanza, nguzo nzima ya mawe ya matumbawe. Ya pili, kwa karibu, vile vishimo vya duara vilivyopachikwa mabakuli ya kauri za Kichina. Ya tatu, mikoko iliyoota upande wa bahari, kulikokuwa na bandari. Selfi ya kwenye mbuyu ipeleke statasi.

2. Safisha picha studio, saizi ya postikadi. Picha za printa ya wino ya steshenari sizitaki kabisa: kidole chenye jasho tu, rangi inatoka.

3. Ukurasa uwe wa karatasi ya manila ya kahawia, si nyeupe.

4. Risiti ya kiingilio. Hapa wengi wanaumia. Risiti za mashine ya EFD, ile ya risiti za kodi, ni za karatasi inayoandikwa kwa joto, kwa hiyo maandishi hufifia yenyewe hata ukizifungia kabatini. Usiipeleke kufanyiwa lamineshani, maana joto la ile mashine litaigeuza nyeusi yote. Itoe kopi mapema, ubandike kopi. Na vipande vya vigae au mawe ya pale viache pale pale. Mambo ya kale yana sheria yake tangu 1964. Jani la mbuyu lililodondoka linatosha, ila likaushe kwanza katikati ya magazeti, ukiyabadilisha kila siku mpaka jani likikunjwa livunjike.

5. Kubandika. Panga kila kitu kikavu kwanza, weka alama za penseli kwenye pembe.

Gundi ya maji, ile nyeupe ya chupa, iache shuleni. Inalowesha manila, manila inavimba upande mmoja, na kwa unyevu wetu wa pwani haikauki vizuri. Asubuhi unakuta ukurasa umejikunja na picha ina mawimbi. Tumia gundi ya stiki. Paka nyuma ya picha, siyo kwenye manila, kuanzia katikati kwenda pembeni, tabaka jembamba. Shusha picha kwa ukingo mmoja, halafu isukume kwa kitambaa kikavu ili hewa itoke. Funika kwa karatasi safi (gazeti linaachia wino), weka vitabu vizito juu, na uache mpaka kesho. Usichungulie. Mvua ikiwa inanyesha, ahirisha. Picha usiyotaka kuiharibu kabisa usiipake gundi: kata vipembe vinne vya karatasi, bandika hivyo, kisha chomeka picha.

Jani ndilo pekee ninaloliwekea selotepu, tena kwenye kikonyo tu.

6. Maandishi. Tarehe, uliokwenda nao, na jambo moja alilokueleza mwongozaji. Andika kwa penseli kwanza, kisha kalamu ya kawaida. Maka peni inapenya manila na kutokea nyuma, na nyuma ndiko utakakobandika picha za Caravanserai, kituo cha zamani cha misafara pale Bagamoyo.