Gofu la jirani: hatua za kulishughulikia bila kugombana na warithi

Mara ya kwanza kamati yetu ya mtaa hapa Ngamiani, Tanga, ilipotaka kuondoa kichaka kwenye nyumba iliyoachwa, tulianza na mapanga. Tulifyeka, tukapanda matembele. Wiki ya tatu akaja kijana wa marehemu mwenye nyumba, analia kwamba tunamdhulumu urithi wake. Hakuwa mkorofi, alikuwa na hofu. Tangu siku ile, kwetu panga ni hatua ya tano.

1. Zungukeni na mjumbe. Andikeni kila nyumba na kiwanja kilichoachwa, pigeni picha mkiwa barabarani, msiingie ndani. Wekeni alama panapotisha: ukuta uliolala, kisima kisicho na mfuniko, shimo la choo lililobomoka. Hayo yapelekeni kwa mhandisi wa halmashauri mara moja, hayangoji mlolongo huu.

2. Mtafuteni mwenyewe. Hapa ndipo kazi ilipo. Nyumba nyingi za mitaa ya zamani hazikutelekezwa kwa uvivu. Mzee alifariki, watoto saba wakatawanyika, mirathi haikufunguliwa, na hakuna anayethubutu kupiga hata bati moja asije akaambiwa anajimilikisha. Waulizeni majirani wazee, halafu ofisi ya mtaa. Kama kiwanja kina hati, ombeni upekuzi kwa Msajili wa Hati, yaani kuangaliwa kiwanja kimesajiliwa kwa jina la nani. Mkimpata mrithi, muulizeni kama mahakama imeshateua msimamizi wa mirathi. Kama bado, mshaurini aanzie Mahakama ya Mwanzo, na mjitolee kumsindikiza. Nimeona familia zikianza kuzungumza tena kwa sababu tu jirani aliuliza swali hilo kwa upole.

3. Pigeni simu kabla ya barua. Apige mtu mzima anayeifahamu familia. "Shikamoo mama. Mimi ni jirani wa nyumba ya marehemu baba. Hatuna ugomvi, tunaomba tusaidiane, nyoka wameanza kuingia kwa watoto." Barua ifuate, ipitie kwa afisa mtendaji wa mtaa, iwe na picha. Neno "kunyang'anywa" lisiwemo.

4. Andikianeni. Msiruke hatua hii hata kama mrithi ni rafiki yenu. Sheria ya Ukomo ya 1971 inampa mwenye ardhi miaka 12 kudai ardhi iliyoshikwa na mtu mwingine, na warithi wengi wameisikia habari hiyo nusunusu. Ndiyo maana wanaogopa hata bustani ya mchicha. Karatasi iseme wazi kwamba mmeingia kwa ruhusa yake, ardhi inabaki ya familia, mtapanda mazao ya muda mfupi tu, hamtajenga, na akiihitaji atawapa taarifa ya mwezi mmoja au miwili. Msimamizi asaini, mwenyekiti wa mtaa ashuhudie, kila upande ubaki na nakala.

5. Sasa fyekeni. Sisi hutumia Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kwa kuwa watu wameshazoea kuwa ni siku ya usafi. Vaeni buti na glavu, pigapigeni kichaka kwa fimbo ndefu kwanza ili nyoka aondoke. Kusanyeni vifuu, makopo na matairi. Mbu wa dengi hutaga kwenye maji kidogo yaliyotuama humo, na ugonjwa huo Dar es Salaam inaujua vizuri tangu 2014. Msichome taka. Ukuta wa udongo ulionyeshewa msiuguse, hata ukionekana mzima.

6. Akikataa au asipopatikana. Nendeni kwa afisa afya wa kata, ana uwezo wa kumtaka mwenye eneo aondoe kero. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 nayo inaruhusu ardhi kutangazwa imetelekezwa, kwa mfano kodi ya ardhi isipolipwa kwa miaka miwili, au jengo likiachwa hadi kuhatarisha majirani. Njia hiyo ni ndefu, na mwisho wake familia inaweza kupoteza ardhi. Mimi huishauri kamati irudi hatua ya pili, imtafute shangazi au mjomba mwingine, kabla ya kuigusa.

7. Tumeni picha. Kila miezi mitatu mtumieni msimamizi picha za eneo kwa WhatsApp, pamoja na fungu la mchicha akiwa karibu. Yule kijana aliyekuja analia tulimwomba radhi, tukaandikiana naye, na sasa yeye ndiye anayetukumbusha picha zikichelewa.