Kupanga sala na mfungo wa Kwaresima bila kuishia njiani

Juzi nimekaa na mdogo wangu tupange Kwaresima yake, akaja na orodha ya mambo tisa, rozari nzima kila siku, misa kila asubuhi, hamna sukari, hamna simu, nikacheka kwa sababu hiyo ndo ilikuwa orodha yangu enzi hizo na haikuwahi kuvuka wiki ya pili. Tulivyofanya ni hivi.

1. Hesabu siku. Jumatano ya Majivu hadi Jumamosi Kuu ni siku 46, toa Jumapili 6 zinabaki 40. Jumapili hazihesabiwi kwenye mfungo, ila amua mapema kama utalegeza au la, usije ukaanza kubishana na nafsi mbele ya sahani.

2. Andika ya lazima kwanza. Kwa sisi Wakatoliki Majivu na Ijumaa Kuu ni kufunga, mlo mmoja kamili na viwili vidogo ambavyo ukivijumlisha havifiki mlo mzima, miaka 18 hadi 59. Nyama tunaacha siku hizo na Ijumaa za Kwaresima, kuanzia miaka 14. Mgonjwa au mjamzito asijitese.

3. Chagua sala MOJA. Hapa ndo pamenila miaka. Usiandike "nitasali zaidi", hiyo haina maana yoyote, andika sala gani, saa ngapi, umekaa wapi. Mimi nilikuwa naweka rozari saa 4 usiku kitandani, fumbo la pili kati ya yale matano nishalala, asubuhi naamka shanga zimenichora shavuni, na Kwaresima tatu mfululizo nikawa najiona sina imani kumbe nina usingizi tu. Nikahamia asubuhi, kiti cha jikoni, Zaburi ya 51, ile ya toba, kabla sijagusa simu, dakika tano basi, na nikafika nayo Pasaka. Ila kama asubuhi kwako ni vurugu za watoto usiige ya kwangu, tafuta muda ambao tayari upo mtupu, hata kwenye basi. Ijaribu wiki nzima kabla ya Majivu, ikikushinda mara mbili ipunguze nusu, usiongeze bidii, punguza. Na tafadhali tumia kitabu cha karatasi, programu za sala kwenye simu mimi sizitaki kabisa, unafungua usali unakutana na meseji kumi na mbili.

Njia ya Msalaba, ile sala ya kufuata mateso ya Yesu kituo kwa kituo, siihesabu hapa, ile ya Ijumaa parokiani vituo 14 unasukumwa na wenzako.

4. Mfungo uwe kitu unachokitamani kila siku, na hela yake ikatwe kweli. Ukiacha soda, hela ya soda inaingia kwenye kopo siku hiyohiyo, mwisho inaenda kwa mwenye shida, otherwise umefanya dayati tu. Ukianguka Jumanne usifunge mara mbili Jumatano kulipa deni, endelea kama kawaida.

5. Mwambie mtu mmoja. Sio kuweka status, Mathayo 6 inasema ukisali na kufunga usijionyeshe kwa watu.

Mdogo wangu kabaki na Zaburi, soda na Njia ya Msalaba. Bado anang'ang'ania kuacha simu nako kuingie, nimemwambia tuongee wiki ya tatu.