Kudhibiti Taa za Kompyuta kwa Programu Moja Huria

Mtu aliyenunua ubao mama wa kampuni moja, RAM ya nyingine na kibodi ya tatu hujikuta na programu tatu za taa, ambazo zote hujiwasha pamoja na kompyuta, huendesha huduma zisizoonekana, na baadhi hudai ufungue akaunti kabla ya kubadilisha rangi. Mzigo huo hauna sababu, kwa kuwa rangi ya taa ni amri fupi tu inayotumwa kwa chipu ndogo. OpenRGB, programu huria yenye leseni ya GPL, hutuma amri hizo kwa vifaa vya kampuni nyingi, iwe kwenye Windows, Linux au macOS.

Anza kwa kuondoa programu zote za watengenezaji, kisha uwashe kompyuta upya. Hatua hii isirukwe kamwe. Taa za RAM na za baadhi ya bao mama hufikiwa kupitia SMBus, njia ya mawasiliano kati ya chipu za ubao mama, na programu mbili zikiandika humo kwa wakati mmoja, amri hugongana: rangi humeta ovyo, au kifaa hutoweka kwenye orodha. Kwa kuwa njia hiyo hutumiwa na chipu nyingine pia, hakikisha kwanza kwamba ubao wako umo katika orodha ya vifaa vinavyotambuliwa.

Pakua programu kutoka tovuti ya mradi wenyewe. Kwenye Windows, ifungue kwa mamlaka ya msimamizi. Kwenye Linux, weka kanuni za udev, zinazoipa programu ruhusa ya kufikia vifaa, kisha pakia moduli (kipande cha kiini cha Linux) ya i2c-dev pamoja na i2c-i801 kwa bao za Intel, au i2c-piix4 kwa za AMD. Bila moduli hizo, kibodi ya USB inaweza kuonekana huku RAM ikikosekana.

Ukanda wa taa wa volti 5 wenye pini 3 haujitambulishi, hivyo ni lazima uandike mwenyewe idadi ya LED zake. Zihesabu moja moja, kwa maana ukiandika pungufu, zile za mwishoni hazitapokea amri. Usiuchomeke kamwe kwenye soketi ya volti 12 yenye pini 4, kwani utaungua.

Kisha chagua hali. “Direct” huipa kompyuta udhibiti wa kila LED, ilhali “Static”, yaani rangi moja isiyobadilika, huachiwa kifaa chenyewe, nami huipendelea hii ya pili. Kifaa kikiruhusu kuhifadhi rangi ndani yake, ihifadhi, funga programu, kisha zima na uwashe kompyuta ili kuthibitisha. Kwa visivyoruhusu, hifadhi profaili na uiagize OpenRGB iipakie kila kompyuta inapowaka.